Mama Ashley Alijua

Pascalia alikuwa akishona pindo la sketi ya shule alipomwona binti yake akiingia uani mchana kweupe, shule hazijatoka, anatembea huku ameushika ukuta. Hakusalimu. Hakuvua viatu mlangoni. Alimpita mama yake kama hakumwona, akaingia nyuma ya pazia lililogawa chumba chao, na kitanda kikalia.

"Ashley?"

Kitanda kikalia tena.

"We Ashley, shule imefungwa?"

"Kichwa kinaniuma, mama. Nimepewa ruhusa."

Pascalia aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. Mwanawe akiumwa kichwa hulalamika mpaka wapangaji wote wa ploti wajue. Hii ilikuwa sauti ya mtu anayeomba asiulizwe swali la pili. Aliinuka akalifunua pazia.

Ashley alikuwa amejikunja kitandani na sweta lake la shule, magoti yamefika kidevuni, macho mekundu, midomo imekauka. Mkono mmoja ulikuwa chini ya mto. Na chumba kile, ambacho siku zote kilinuka kitambaa kipya na mafuta ya mashine, kilikuwa kimejaa harufu ya peremende, tamu hadi kuchefua.

"Toa mkono."

"Mama, tafadhali."

"Nimesema toa huo mkono."

Kilikuwa kitu cha plastiki, chekundu cha kupauka, kirefu kama kidole cha kati, kinafanana na zile kalamu nene ambazo wanafunzi hutumia kupaka rangi maneno ya kukariri. Pascalia alikuwa ameviona vitu hivyo katika picha zilizotumwa kwenye kundi la wazazi. Vepu, ndivyo vilivyoitwa. Sigara ya umeme isiyo na kiberiti wala majivu, mtoto anaivuta chooni na mwalimu akipita nje hasikii lolote isipokuwa harufu ya matunda. Alikuwa amezitazama picha zile jinsi mtu anavyotazama habari za mafuriko ya nchi nyingine, kisha akarudi kwenye kazi yake.

"Hii ni nini?" aliuliza, ingawa alijua.

"Si yangu."

"Ni ya nani?"

Ashley alianza kutetemeka, na meno yakawa yanagongana. "Mama, Nekoye ameanguka."

Nekoye alikuwa mtoto wa Ayuma, wa mlango wa pili. Ukuta mmoja wa mbao ndio uliotenganisha nyumba hizo mbili, na wasichana hao walikuwa wamegonga mbao hizo tangu wakiwa wadogo kuulizana kama maji yamechemka, kama uji umeiva, kama ni saa ya kutoka. Wote wawili walikuwa kidato cha tatu, shule ya kutwa, dawati moja.

"Ameanguka wapi? Sema vizuri."

"Nyuma ya maabara. Alikakamaa, macho yakageuka, povu likatoka. Walimu wamemtia kwenye gari. Mimi nilitoroka kupitia ua wa shule."

Simu ilianza kulia kwenye meza ya cherehani. Pascalia aliijibu akiwa bado ameshika kile kitu katika mkono mwingine. Alikuwa Madam Chebet, naibu wa mwalimu mkuu, mwanamke ambaye kwa kawaida humuuliza mtu habari za nyumbani kabla ya kusema neno. Leo hakuuliza.

"Mama Ashley, binti yako amefika huko?"

"Amefika, madam. Anaumwa na kichwa."

"Nekoye amekimbizwa hospitali. Wanafunzi wanasema walikuwa pamoja. Sikiza, mimi na mwenzangu tutakuja huko jioni, na tutakuja na polisi. Kama ana kitu chochote, asikiguse. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Baadaye, Pascalia alipojiuliza mara nyingi ni nini kilichompata, hakupata jibu lingine isipokuwa hofu. Neno lile, polisi, lilimwingia kichwani likafukuza mengine yote. Alimwona Ashley nyuma ya gari lao, amekaa sakafuni katikati ya watu asiowajua. Alikifunga kile kitu katika kipande cha kitambaa, akavuka ua hadi kwenye choo cha shimo ambacho nyumba zote za ploti zilitumia, akakiachilia. Aliposikia kimetua huko chini, alishusha pumzi kama mtu aliyemvuta mtoto wake kutoka mbele ya lori.

Alikuwa akinawa mikono kwa sabuni ya unga Ayuma alipoingia langoni anakimbia, leso imemshuka, vidole vimeshikwa na majani ya saga, mboga aliyokuwa akichambua sokoni.

"Mama Ashley! Wamenipigia simu. Eti mtoto amezirai. Nyasaye wanje, Mungu wangu, twende, mwenzangu. Siwezi kufika huko peke yangu."

Pascalia alijipangusa mikono kwenye gauni. "Twende," akasema.

* * *

Nekoye alikuwa amelazwa kwenye chumba cha dharura nyuma ya pazia la kijani, mpira wa hewa puani, sindano ya maji mkononi. Kila baada ya muda mwili wake ulishtuka kama mtu aliyepigwa na umeme, halafu ukatulia. Ayuma alitaka kumshika mguu, muuguzi akamwondoa polepole hadi kwenye benchi la nje. Pascalia alikaa kando yake. Ayuma akautafuta mkono wa Pascalia, akaukamata, akaushikilia juu ya paja lake.

Daktari alikuwa kijana mrefu aitwaye Masinde, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko alivyodhani mwenyewe.

"Wewe ndiye mama? Nyumbani mnaweka dawa ya wadudu?"

"Iko, daktari. Ya kupulizia sukuma wiki. Nina kishamba kidogo kule nyuma."

"Inakaa wapi?"

"Chini ya kitanda."

"Na jana au leo asubuhi mligombana?"

Kwenye benchi, mwanamke mmoja aliyekuwa akinyonyesha aliacha kumtingisha mtoto. Ayuma alitazama sakafu.

"Tuligombana jana. Alitaka kwenda matanga huko Likuyani na wenzake, kuna disko. Nikakataa. Akanijibu vibaya."

"Ukamwambia nini?"

"Daktari, hapa mbele ya watu?"

"Mama, nauliza kwa sababu ya mtoto."

"Nilimwambia heri ningezaa jiwe." Ayuma aliyasema maneno hayo kwa sauti ndogo sana, lakini yule mwanamke aliyenyonyesha alifyonya, na mzee mmoja akageuka kumtazama vizuri. "Nilikuwa na hasira tu. Kwani mzazi hasemi? Nilisema tu."

Daktari Masinde hakumlaumu wala hakumpoza. Aliandika kitu, kisha akaeleza kwa haraka. Dalili za mtoto zilikuwa zimechanganyika. Wengi waletwao na povu na kukakamaa, katika umri ule, baada ya ugomvi nyumbani, huwa wamekunywa sumu ya kupulizia mimea. Sumu hiyo ina dawa yake. "Lakini sioni dalili zote. Na hiyo dawa huupeleka moyo mbio. Moyo wake tayari uko mbio. Nikimpa na kumbe si sumu hiyo, naweza kumwongezea hatari. Nataka kuiona hiyo chupa. Nani anaweza kuileta sasa hivi?"

"Nimemuua mtoto wangu," Ayuma akasema. Hakulia. Alisema kama mtu anayejibu jina lake. "Mama Ashley, nimemuua kwa mdomo."

Pascalia alifungua kinywa. Alihisi maneno yamefika kwenye meno. Angeyasema, Ayuma angeinua kichwa chake mbele ya watu wale. Angeyasema, na jioni polisi wangekuja na sababu.

"Usiseme hivyo," ndiyo aliyoyasema. "Mimi nitaileta chupa."

Alipotoka nje alimpigia mume wake. Shikanga aliendesha trekta la kubeba miwa upande wa Mumias na alirudi nyumbani Jumamosi. Nyuma ya sauti yake injini ilikuwa ikinguruma. Pascalia alimweleza yote kwa mkupuo mmoja, amejibanza kwenye ukuta, amefunika mdomo kwa kiganja.

"Nani mwingine anajua?" Shikanga aliuliza.

"Hakuna."

"Basi nyamaza."

"Baba Ashley, daktari anatafuta ugonjwa usiokuwepo. Na Ayuma anadhani—"

"Ayuma ana mtoto wake, na sisi tuna wetu. Mtoto mmoja, Pascalia. Wakisema ni yeye aliyempa, unajua atafungwa? Unajua huyo akifa itaitwa nini?" Injini ilizimika, na sasa Pascalia alisikia pumzi zake tu. "Nyamaza," akarudia, lakini safari hii ilikuwa kama anaomba. "Nakuja."

* * *

Mlango wa Ayuma ulikuwa umefungwa kwa komeo tu. Pascalia aliingia, akapiga magoti, akapapasa chini ya kitanda kati ya viatu vya Nekoye na ndoo ya viazi. Chupa ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki. Aliitoa kwenye mwanga. Ilikuwa imejaa mpaka shingoni. Kifuniko kilikuwa bado na ule ukanda wa kiwandani, haujakatika popote.

Alikaa chini sakafuni na chupa ile mapajani. Alikuwa akijua kwamba Nekoye hakunywa sumu. Alijua tangu kabla ya kwenda hospitali. Lakini kujua moyoni ni jambo moja, na kuishika chupa nzima mikononi ni jambo lingine.

Kupitia ukuta wa mbao alisikia mtu anatapika.

Alimkuta Ashley sakafuni kando ya beseni. Uso wake ulikuwa umelowa jasho na shati la shule limemganda mgongoni. Pascalia alimwinua, akamwegemeza kifuani, na moyo wa mtoto ukawa unapiga kwenye mkono wake kwa kasi ambayo hakuwahi kuisikia kwa binadamu, kama wa kuku aliyekamatwa.

"Na wewe ulivuta?"

Ashley alitikisa kichwa kukubali.

"Mwenyewe niliivuta kwanza. Kidogo. Ndiyo Nekoye aone haina kitu."

"Niambie yote. Usinifiche hata kidogo."

"Ni Willis, mama. Yule wa kutengeneza simu pale kona. Yeye ndiye anatupatianga."

Pascalia alimjua Willis. Kijana wa heshima, anayemwita mama kila anapopita, aliyewahi kumwekea kioo cha simu siku ambayo mafundi wengine walikuwa wamefunga.

"Ya kwanza ilikuwa ya bure. Ilikuwa tamu tu, kama peremende. Nilikuwa navuta nikisoma, kichwa kinakuwa chepesi. Halafu nikajaribu kuacha, mikono inatetemeka, nagombana na kila mtu. Nikarudi kwake. Akasema nikimletea wasichana wengine sitalipa kitu. Hii ya leo alisema ni mpya, amechanganya, ina nguvu." Alitua kuvuta pumzi. "Nekoye alikataa, mama. Alisema anaogopa. Mimi ndiye nilimwambia vuta mara moja tu, usikuwe mshamba."

"Mungu wangu, Ashley."

"Usiseme. Tafadhali usiseme. Nitafukuzwa shule. Na Willis alisema nikimtaja atasema mimi ndiye muuzaji. Anajua tunakaa wapi. Anajua ukienda sokoni unapitia wapi."

Pascalia alimfunga leso mabegani, akamvalisha viatu kama mtoto wa chekechea. Chupa aliitia kwapani. Walipanda bodaboda moja, Ashley katikati, mama nyuma amemkumbatia ili asianguke, na njia nzima Pascalia alikuwa akipanga maneno. Atatoa chupa. Atasema imefungwa, tazama mwenyewe. Daktari ni msomi, atajua kwamba si sumu, atatafuta kitu kingine. Atasema Ashley naye anaumwa, labda ni chakula cha shule. Halitakuwa uongo kamili. Aliyarudia maneno hayo hadi yakawa laini.

* * *

Daktari Masinde aliigeuza chupa mara mbili chini ya taa.

"Hii haijafunguliwa."

"Ndiyo, daktari," Pascalia akasema. "Haijafunguliwa kabisa."

"Basi amepata kwingine," Ayuma akasema haraka. Alikuwa amesimama, vifundo vya vidole vimekuwa vyeupe kwenye ncha za leso. "Pale sokoni kuna duka la pembejeo, nilimtuma juzi. Wanamjua, wanaweza kumpa kwa jina langu. Atakuwa alinunua nyingine. Daktari, mtoto wangu ana moyo mzito, akikasirika hasemi. Ni mimi. Mpe hiyo dawa."

Nyuma ya pazia kitanda kilianza kugonga ukuta. Muuguzi aliita. Daktari aliingia ndani, na sauti yake kubwa ikasikika ikiagiza, "Ameanza tena. Mshikeni upande. Hatuwezi kungoja zaidi, tayarisha ile dawa ya sumu."

Yale maneno laini yalimtoka Pascalia kichwani yote. Alimtazama Ashley aliyekuwa ameketi kwenye benchi, kijivu usoni, anamtazama naye kwa macho yaliyosema usiseme. Alimtazama Ayuma. Halafu akalifunua pazia bila ruhusa.

"Si sumu! Daktari, si sumu. Walivuta vepu. Walivuta wote wawili, huyu wangu na huyu. Wangu ndiye alimpa."

Daktari alisimamisha mkono wa muuguzi hewani.

"Ilikuwa na nini?"

"Imechanganywa. Sijui na nini. Kijana aliyewauzia alisema ina nguvu."

"Iko wapi?"

"Niliitupa. Chooni."

"Lini?"

Hilo ndilo swali ambalo Pascalia hakuwa amelifikiria. Angeweza kusema sasa hivi, nilipoenda kuchukua chupa. Jibu hilo lilikuwa karibu, lilikuwa rahisi. Nyuma yake alihisi Ayuma amesimama.

"Kabla hatujaja hapa," akasema. "Nilikuwa najua tangu mwanzo."

Daktari hakuwa na wakati wa hayo. Aliagiza dawa nyingine, ya kutuliza degedege, akaamuru Ashley alazwe kitanda cha kando na apimwe moyo. Watu waliingia na kutoka. Mtu alimsukuma Pascalia taratibu hadi ukumbini, na hapo akakutana uso kwa uso na Ayuma.

Alijitayarisha kupigwa. Angefurahi kupigwa. Ayuma alimtazama tu, kama mtu anayejaribu kukumbuka mahali alipomwona.

"Ulikuwa umekaa hapa na mimi," alisema mwishowe.

"Mama Nekoye—"

"Nilikuwa nimekushika mkono. Nikasema nimeua mtoto wangu, watu wote wakasikia. Na wewe ulikuwa umekaa hapa."

Alikwenda kukaa upande wa pili wa benchi, karibu na yule mwanamke aliyenyonyesha, ambaye sasa alisogea akampa nafasi.

* * *

Nekoye alifungua macho kesho yake kukipambazuka, akaomba maji. Hakukumbuka kuanguka. Alikumbuka kengele ya chakula tu. Daktari alisema ana bahati, kisha akasema pia kwamba hawezi kuahidi degedege halitarudi. Itabidi aletwe kupimwa mara kwa mara. Ashley aliruhusiwa siku hiyo hiyo. Walipokuwa wakitoka alisimama mlangoni pa wodi, Nekoye akamwona kutoka kitandani, wakatazamana. Ayuma alivuta pazia.

Shikanga alikuwa amefika jioni ile ya kwanza, nguo zimejaa masizi ya miwa, amekuja na hasira zote alizozibeba njiani tangu mkewe alipompigia tena. Alitaka kuuliza ni nani amemruhusu mkewe kusema. Alimkuta Ashley amelala, nyaya zimebandikwa kifuani, na kile kijisanduku kando ya kitanda kinahesabu moyo wake kwa sauti nyembamba. Alisimama hapo na kofia mkononi. Baadaye alienda nje, na Pascalia alimwona kupitia dirishani akiwa amechuchumaa kando ya bomba la maji, ameuficha uso.

"Ungenyamaza kama nilivyokuambia," alimwambia walipokuwa wawili, "huyu angekuwa nyumbani peke yake na moyo ule."

Pascalia alikuwa amelifikiria hilo kabla yake.

Polisi walikuja. Ashley aliyaeleza aliyoyajua, baba yake kando, mama yake kando, na kila alipofika kwenye jina la Willis sauti yake ilishuka hadi afisa akalazimika kumwambia arudie. Walimchukua Willis. Majirani walisimama milangoni kutazama. Baada ya siku chache aliachiliwa. Vitu havikupatikana, walisema, upelelezi unaendelea. Kile ambacho kingepatikana kilikuwa chini ya choo cha ploti, na Pascalia aliujua ukweli huo kila alipovuka ua.

Shule ilimsimamisha Ashley kwa wiki kadhaa. Madam Chebet hakuwa mkali kama Pascalia alivyoogopa. Aliwapokea ofisini, akafunga mlango, akasema shule imeanza kuzungumza na wanafunzi darasa kwa darasa, na kwamba wengine wameleta vyao wenyewe na kuviweka mezani kwake. "Zaidi ya nilivyodhani," akasema, na akatazama mikono yake. "Mimi nilikuwa nikinusa hiyo harufu vyooni nikifikiri ni manukato." Alimwambia Ashley kwamba akirudi atakutana na mshauri kila wiki, na kwamba nafasi yake ipo.

Wiki zile zilikuwa ngumu kuliko hospitali. Ashley hakulala. Alitoka jasho, aligombana na kijiko, na sahani, na mvua. Alasiri moja alimwambia mama yake, bila kumtazama, "Ningeipata sasa hivi ningevuta. Hata baada ya Nekoye. Mama, mimi ni mtu wa aina gani?" Pascalia aliacha ugali motoni, akamshika, akakaa naye sakafuni hadi ugali ukaungua. Toka siku hiyo aliihamisha cherehani ikaelekea ndani, ili amwone mtoto huku anafanya kazi. Kila Ashley alipochelewa chooni, Pascalia alisimama mlangoni akisikiliza.

Na upande wa pili wa ukuta kulikuwa kimya. Ayuma alikuwa akifua siku nyingine, akichota maji saa nyingine. Pascalia alimsalimu mara tatu uani. Mara tatu Ayuma alimpita kama mtu anayepita kando ya mti.

* * *

Siku ya Ashley kurudi shule, Willis alikuwa amekifungua kibanda chake tena. Pascalia alikuwa amemwona jana yake, amekaa kwenye kiti cha plastiki, anapangusa simu ya mteja. "Shikamoo, mama," alikuwa amemwambia, akitabasamu. "Ashley anaendelea aje? Mwambie nimemsalimia."

Ndiyo sababu asubuhi hiyo Pascalia hakukaa kwenye cherehani. Alivaa viatu vyake vya kanisani, vyenye kelele, akamshika binti yake mkono kama hakuwa msichana aliyemzidi kimo.

"Hakuna njia nyingine?" Ashley aliuliza.

"Hakuna. Na hata ingekuwepo."

Walipokuwa wakitoka langoni walisikia komeo la mlango wa pili. Ayuma alitoka, nyuma yake Nekoye, amekonda, sare yake imemlegea. Wasichana walitazamana, halafu kila mmoja akatazama chini. Ayuma hakusalimu. Alivuka barabara na mwanawe, na wote wanne wakaanza kutembea, wawili upande huu, wawili upande ule, lami katikati.

Kibanda kilionekana kutoka mbali. Kilikuwa upande wa Pascalia. Willis alikuwa mlangoni, na vijana wawili wameegemea pikipiki kando yake. Alipowaona alinyooka. Alisema kitu, na wale wawili wakacheka na kugeuka kuwatazama. Pascalia alihisi vidole vya Ashley vikikaza hadi kucha zikamwingia kiganjani. Alifikiria kugeuka. Alifikiria kwamba hakuna mtu ambaye angemlaumu.

"Usisimame," alimwambia Ashley, au alijiambia mwenyewe.

Ndipo aliposikia viatu vikivuka lami. Hakugeuza kichwa. Aliona kwanza sare, kisha mkono mwembamba wa Nekoye ukiingia katika ule mkono mwingine wa Ashley uliokuwa mtupu. Halafu Ayuma akaja upande wa nje, upande wa kibanda, akajiweka katikati ya wale wasichana na ule mlango, na pembeni ya jicho Pascalia aliona jinsi taya yake ilivyokuwa ikitetemeka.

Willis aliacha kutabasamu. Hakuna aliyemsalimu. Walipita karibu naye kiasi kwamba Pascalia alisikia redio ndogo iliyokuwa ndani ya kibanda, na wakaendelea kupita, na redio ikabaki nyuma.

"Sijakusamehe," Ayuma alisema, macho mbele.

"Najua."

"Usidhani nimekusamehe."

"Najua, Mama Nekoye."

Ayuma alivuta pumzi, akaitoa. Nyuma yao mmoja wa wale vijana alipiga mluzi, na pikipiki ikawashwa.

"Tembea basi," akasema. "Watachelewa."